Malalamiko ya Sabuni Iliyorudishwa Kanombe

Ushirika wa Sabuni Isuku,
Biryogo, Kigali.
14 Desemba 1992

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Mafunzo ya Biashara Huria,
Geneva, Uswisi.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: MLANGO MLIOTUFUNDISHA KUUFUNGUA

Nakusalimu kwa heshima, wewe na wote walio chini yako na walio juu yako. Mimi naitwa Vestine, mwenyekiti wa ushirika wa wanawake sita wanaopika sabuni hapa Biryogo. Siku hizi tumebaki watano, na sababu yake utaisoma chini. Nilizaliwa Buyenzi, mjini Bujumbura, na Kiswahili hiki ndicho nilichokulia. Kifaransa changu kinatosha kusalimia na kuuza, lakini hakitoshi kugombana. Kwa kuwa leo nimekuja kugombana, kwa adabu, nimechagua lugha ninayoimudu. Mtaalamu wenu alituambia kwamba hapo ofisini kwenu wapo wafasiri wa lugha zote za dunia. Basi nao wapate kazi.

Barua hii inapigwa chapa na mume wangu, Eustache, ambaye ni mpiga chapa katika ofisi moja mjini. Amenionya kwamba pakiwa na neno asilolipenda atasimamisha mashine. Ukiona mahali sentensi imekatika, ujue ni yeye.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kwamba mlinifundisha, nami nikaelewa.

Mwezi wa pili mwaka huu mlimtuma mtaalamu akatufundishe biashara huria katika hoteli moja ya Kiyovu. Jina lake sitalitaja, maana alikuwa mtu mwema na huenda ana watoto. Nchi yake pia sitaitaja, nitaiita Kwao. Tulialikwa wafanyabiashara arobaini: wenye maduka makubwa, wenye malori, na mimi. Wenye malori walilala. Mimi nilikaa mbele na daftari.

Mheshimiwa, kila alichosema bado ninacho. Alisema kwamba baada ya vita kuu ya pili ya dunia, mataifa yalikaa chini yakaona kuwa kila nchi ilikuwa imejifungia na ushuru wake kama mtu aliyejifungia na chakula chake, na mwishowe wote walikuwa na njaa. Ndipo wakakubaliana kupunguza ushuru, duru baada ya duru. Faida unayompa mwanachama mmoja umpe kila mmoja. Usiweke hesabu mpakani ya kusema mali hii mwisho magunia kadhaa. Na mwanachama akidhulumiwa, asirushe ngumi, apeleke mashtaka barazani. Alisema pia kwamba wale wanaoikopesha nchi yetu wameomba vibali vya kuagiza mali kutoka nje viondolewe, ili yeyote mwenye uwezo aagize anachotaka. Kulinda viwanda vya nyumbani alikuita ugonjwa. Akachora mlango ubaoni, halafu akafuta kufuli kwa kidole chake.

Nilinyanyua mkono. Nikamuuliza, "Bwana, mlango huo ukifunguliwa, sisi nasi tunatoka, au wao tu wanaingia?"

Akacheka vizuri, bila dharau. Akasema, "Mama, mlango ni mlango. Anayeingia na anayetoka wanapita palepale."

Mchana tukala brosheti, yaani mishikaki ya mbuzi, na mafuta yakamfika mtaalamu hadi kwenye kifundo cha mkono. Sabuni ya hoteli ilikuwa imekwisha. Nikatoa kipande changu mkobani, ile sabuni yetu ya mawese yenye mchaichai. Akanawa, akanusa viganja vyake, akanusa tena. Akaniambia mbele ya watu, "Hii, kule kwetu, watu wataipigania." Akanipa kadi yake na anwani ya duka kubwa la Kwao, akasema niwaandikie, nimtaje yeye.

Laiti angenawa akanyamaza. Mwanamke akiambiwa na mtu wa Geneva kwamba sabuni yake itapiganiwa, usiku ule hapati usingizi. Nilimwamsha Eustache mara tatu nimweleze tena.

2. Kwamba mlango ulifunguka kweli.

Hili si uongo wenu, na nalikiri. Kabla ya Pasaka sabuni za nje zilikuwa zimejaa sokoni. Zilikuja kwa barabara ya Rusumo, upande wa Tanzania, kwa kuwa ile ya Kampala imefungwa na vita, zikiwa zimevikwa karatasi ya waridi yenye picha ya msichana anayecheka peke yake bafuni. Yetu haina karatasi. Yetu ni ya kahawia, inakatwa kwa waya, na haicheki.

Wateja walianza kutupita. Hawakutupita kwa ubaya. Walitusalimia vizuri, wakauliza habari za watoto, huku karatasi ya waridi ikichungulia kikapuni. Mmoja aliniambia, "Mama Armel, yenu inang'arisha zaidi, lakini hii ina heshima." Nilikwenda nyumbani nikajiuliza heshima inatengenezwa kwa mafuta gani.

Mwenzetu Daphrose hakuweza kungoja. Ni mjane, ana watoto watano, na nduguye wa pekee yuko jeshini huko kaskazini. Asubuhi moja alikuja jikoni kwetu, akafua aproni yake kwa sabuni aliyoipika mwenyewe, akaianika, akasema, "Nimepewa meza sokoni. Nitauza zile za waridi. Nisameheni." Tuliendelea kukoroga pipa. Hakuna aliyemjibu, mimi wa kwanza, na hilo nalijutia mpaka leo. Alikuwa fundi wetu wa kuonja: ndiye aliyejua kwa ncha ya ulimi kama soda kali imekwisha ukali.

Hata hivyo sikukulalamikia wakati ule, Mheshimiwa. Mtaalamu alikuwa amesema tushindane, na mimi nilitaka kushindana. Nililiandikia lile duka la Kwao. Wakajibu! Walitaka sanduku moja la mfano, vipande mia mbili. Tulipika siku tisa. Shemeji yangu Gatera, anayefanya kazi kwenye mizigo pale uwanja wa ndege wa Kanombe, alilipandisha ndege kwa mikono yake. Wanawake watano tulisimama nje ya uzio tukaipungia ndege mikono. Askari mmoja akatuuliza nani anasafiri. Tukamwambia: sabuni. Naye akapunga.

3. Kwamba kufuli mlilolifuta ubaoni lilikuwa limehamia kwenye karatasi.

Mwezi wa tano nilipata barua ya kwanza kutoka mpaka wa Kwao. Walisema ushuru wao ni mdogo sana, karibu na bure, na walifurahi kunijulisha hivyo. Kulibaki fomu nne tu.

Nilizijaza. Zikaja nyingine tatu. Walitaka kujua uzito wa kila kipande, na walipopima wakaona kimoja kinamzidi mwenzake gramu sita. Nikawajibu kwamba waya tunaokatia unashikwa na mwenzetu Christella upande mmoja na Annah upande mwingine, na Annah ni mrefu. Hawakuridhika. Tukanunua mizani.

Wakataka maelezo ya kipande yawe katika lugha tatu, zote za Kwao. Eustache alizipiga chapa kwa kutazama kamusi za padri wa parokia. Baadaye tulijulishwa kwamba katika lugha moja tulikuwa tumeandika "isioshwe".

(Hapa mume wangu amesimamisha mashine. Anasema kosa lilikuwa la kamusi. Tunaendelea.)

Wakauliza kama sabuni ina mnyama ndani. Nikasema haina. Wakasema basi nilete cheti cha daktari wa mifugo kuthibitisha kwamba haina. Nilimfuata daktari wa mifugo hadi Kibagabaga, nikamkuta shambani, mkono wake wote uko ndani ya ng'ombe. Alinisikiliza hivyohivyo. Alipomaliza alinawa, tena kwa sabuni yangu, akashika kipande kingine akakigeuza huku na huku, akaandika: "Nimeikagua. Haina homa, haina kupe, inapumua vizuri." Nadhani alikuwa amechoka. Cheti kile, Mheshimiwa, ndicho pekee kilichopokelewa Kwao bila swali.

Kwa jumla karatasi zilifika kumi na tisa. Kila nilipotimiza moja, walinishukuru kwa ushirikiano wangu. Sijawahi kushukuriwa sana namna ile na watu wasionipa kitu.

4. Kwamba kuna hesabu mpakani, ingawa mlituambia hakuna.

Mwezi wa tisa, karatasi zilipokamilika, nilijulishwa kwamba kiasi cha sabuni kinachoruhusiwa mwaka huu kutoka nchi za aina yetu kilijaa tangu Januari. Nikauliza kilijazwa na nani. Wakajibu kwamba taarifa hizo ni za siri. Nimewauliza wapika sabuni wote ninaowajua, hapa, Butare, Bukavu na kwetu Bujumbura. Hakuna aliyepeleka. Kwa hiyo kuna mtu amejaza nafasi yangu na sabuni ambayo haikupikwa. Natamani kukutana na fundi huyo.

Nikauliza pia kwa nini sabuni ya Kwao inafika Kigali kwa bei iliyo chini ya bei ya mafuta yake. Karani mmoja wa huko, mkweli kuliko wengine, aliniandikia kwamba wapika sabuni wa Kwao wanapewa msaada na serikali yao, kwa sababu maisha yao ni magumu. Niliwasomea wenzangu barua hiyo jikoni, moshi ukiwa machoni. Annah alisikitika kweli. Alipendekeza tuwachangie.

Nikakumbuka baraza la mashtaka. Nikaenda katika ofisi moja ya serikali mjini, maana Eustache alinieleza kwamba mbele ya baraza lenu inasimama serikali, hasimami mama wa Biryogo. Karani alinisikiliza kalamu ikiwa hewani. Halafu akasema, taratibu, bila kunifokea, "Mama, vita iko Byumba, watu wanalala chini ya maturubai, na wewe umeniletea sabuni?"

Niliona haya, Mheshimiwa. Nilisimama nikafika mlangoni. Halafu nikarudi nikamwambia, "Na hao walio chini ya maturubai, wanafua kwa sabuni gani?" Akaweka kalamu chini, akaandika jina langu. Zaidi ya hapo hakuna kilichotokea, lakini jina langu liko pale.

5. Kwamba sabuni imerudi, nikatozwa ushuru wa kuiingiza nchini.

Hili ndilo lililonifanya niketi kuandika. Juzi Ijumaa Gatera alikuja nyumbani akiwa na sare ya kazi. Hakukaa. Akasema, "Shemeji, mgeni wako amerudi." Nikadhani ni mtaalamu, nikaanza kufagia. Kumbe ni sanduku.

Tulikwenda wote Kanombe. Mkubwa wa Gatera kazini, mtu wa sheria sana, alinieleza kwamba sanduku linatoka nje, karatasi zake zinasema linatoka nje, kwa hiyo ni mali ya nje. Nikamwambia hiyo sabuni nimeipika mimi, anuse mikono yangu. Akainusa, ni mwungwana. Akasema, "Nakuamini, mama. Lakini wewe siyo karatasi." Gatera alikuwa anatazama viatu vyake.

Nililipa. Na hapa, ili nisiwe mtu asiye na shukrani, naweka wazi kwamba ushuru wa kuingiza sabuni ya nje umepungua sana kwa jitihada za mashirika kama lenu. Mkubwa wa Gatera alinihakikishia kwamba zamani ningelia. Kwa hiyo mtu wa kwanza katika ushirika wetu kufaidika na biashara huria ni mimi, siku niliponunua ruhusa ya kuingiza sabuni yangu katika mji ilikopikwa.

Tulipofungua sanduku tulikuta vipande mia moja na tisini na tisa, na kimoja chembamba kama jani. Mtu fulani wa mpakani Kwao amekuwa akinawa nacho kwa miezi minane. Simkasirikii. Yeye ndiye soko langu lote la ng'ambo, na inaonekana ameridhika.

Baada ya hayo, Mheshimiwa, naleta maombi yangu. Ni matatu na yote nimeyatoa katika daftari la semina.

La kwanza, mwiambie nchi ya Kwao ifungue mlango wake kama sisi tulivyofungua wetu, bila fomu na bila fundi wa kujaza nafasi.

La pili, ikiwa hilo ni gumu, mtupe haki ya kulipiza kwa kiasi kilekile, kama mtaalamu alivyosema kuwa baraza huruhusu. Biryogo haiagizi kitu kutoka Kwao isipokuwa wataalamu. Basi kila mtaalamu atakayeshuka Kanombe ajaze karatasi kumi na tisa. Apimwe, na akimzidi mwenzake gramu sita arudishwe. Aandikwe katika lugha tatu, zote za kwetu. Daktari wa mifugo wa Kibagabaga amekubali kuwakagua na ameahidi kuwa mpole.

La tatu nimelifikiri sana. Mtaalamu alisema mali inunuliwe panapopatikana nafuu. Nami nimechunguza nikaona kwamba mali moja tu duniani bado imezungushiwa ua mrefu kuliko zote, nayo ni ushauri. Ushauri wote tunaopokea umetengenezwa Kwao, kwa gharama kubwa, unalala hotelini Kiyovu na kula mbuzi. Hatujaona mshauri mmoja wa Biryogo akiletwa Geneva. Huko ni kulinda viwanda vya nyumbani, Mheshimiwa, na wewe unajua hilo ni ugonjwa gani. Kwa hiyo naomba kazi. Nitakuja kuwafundisha Kwao maana ya mlango. Nitalala kwa masista, nitajipikia mwenyewe, na sabuni nitakuja nayo, ikiruhusiwa.

(Mume wangu amesimamisha mashine tena. Anauliza nani atabaki na watoto. Nimemwambia suala hilo lipelekwe barazani.)

Sina chuki, Mheshimiwa. Nilichotaka ni Daphrose arudi jikoni. Pipa la watu sita likikorogwa na watano linaungulia upande mmoja, na hiyo ndiyo hali yetu kila asubuhi.

Wasalimie wafasiri, ambao nimewachosha. Msalimie mtaalamu, mwambie mikono yake bado tunaikumbuka. Wasalimie makarani wa mpakani ukikutana nao, hasa yule anayenawa. Shemeji Gatera anawasalimu, Christella anawasalimu, Annah anauliza kama ule mchango bado unahitajika. Krismasi ikiwakuta wazima, iwe hivyo na kwetu, na amani inayozungumzwa huko Arusha ifike kabla ya mvua.

Ni mimi ninayelalamika kwa heshima zote,

Vestine,
Mwenyekiti, Ushirika wa Sabuni Isuku

N.B. Mheshimiwa, barua hii ilikuwa imekwisha kutiwa gundi, nimeifungua kwa mvuke wa sufuria. Tafadhali soma haya kabla hujachukua hatua yoyote.

Jana nilimpelekea Daphrose lile sanduku sokoni. Sikujua namna nyingine ya kuomba msamaha. Nilimwambia auze kwa bei yoyote, fedha ziwe za watoto wake. Aliliweka mezani lilivyo, likiwa na mihuri yote ya Kwao: ya bluu ya forodha, ya kijani ya afya, na ule mkubwa mwekundu uliopigwa kwa pembeni ambao padri anasema maana yake ni "imekataliwa". Hapa sokoni hakuna anayeisoma lugha hiyo.

Kufika adhuhuri mabibi wa Kiyovu walikuwa wamepanga foleni na madereva wao. Wameikuta sabuni ya nje iliyopigwa mihuri mingi kuliko ya waridi. Mmoja alimuuliza Daphrose kwa nini haina karatasi wala picha. Daphrose akamjibu bila kupepesa, "Madamu, Ulaya wameacha hayo." Vipande vyote vimekwisha, kwa bei mara tatu ya ile tuliyowahi kuthubutu. Hata kile chembamba kimenunuliwa. Kabla ya jua kutua Daphrose alikuwa jikoni kwetu amefunga aproni, anaonja, anatema, anatugombeza kwamba tumezidisha soda.

Kwa hiyo naomba malalamiko namba moja hadi tano yafutwe, pamoja na maombi yote matatu, na kazi mpeni mwingine. Msiiambie Kwao ibadilishe kitu. Masanduku manne ya sabuni iliyokuwa imetulalia bila wateja yanaondoka Kanombe Alhamisi. Naomba sana yakataliwe, tena mapema, ili tuiwahi Pasaka, na kama inawezekana ule muhuri mwekundu upigwe pande zote mbili.